Yah: Malalamiko kuhusu anwani iliyokufa ya DNS (huduma inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani za namba) mnayoendelea kuipa seva yetu

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Natunza mfumo wa tiketi wa kampuni ndogo ya mabasi ya Tanga kwenda Dar es Salaam. Seva yake tumeikodi kwenu. Wiki ya tatu hii malipo ya simu yanakwama, na tatizo liko kwenu.

Jumatatu alfajiri nilikuwa dirishani stendi. Dada mmoja, mtoto mgongoni, pesa imeshakatwa kwenye simu yake, tiketi haitoki. Basi la saa kumi na mbili likamwacha. "Kaka, hela yangu iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Nilipima kwa getent hosts, amri ya kutafuta anwani ya jina la mtandao: kila jina linachukua sekunde 5 na ushee. Nikiita kwa anwani ya IP, yaani ile ya namba, jibu linakuja papo hapo. Ndani ya /etc/resolv.conf, faili linaloorodhesha seva za DNS, kuna mistari miwili ya nameserver (seva ya kuulizwa majina), na anwani ya kwanza haijibu kitu. Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, isiporekebishwa husubiri sekunde 5 ndipo iende ya pili, na haikumbuki kuwa ya kwanza imekufa. Jina linalofuata inangoja tena. Kila malipo yetu hutafuta jina mara mbili, yaani zaidi ya sekunde 10, na programu husubiri sekunde 8 tu.

Fundi wenu alinishauri niandike jina la watoa huduma ya malipo na anwani yao kwenye /etc/hosts, faili la majina lililo ndani ya seva yenyewe. Kwa kuwa nsswitch.conf yetu, faili linalopanga wapi pa kutafuta kwanza, imeandikwa "files dns", /etc/hosts husomwa kabla ya DNS, na kweli kasi ilirudi. Siku ya nne watoa huduma ya malipo wakabadili anwani, tukabaki tunabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nikaufuta mstari mbovu kwenye /etc/resolv.conf. Fundi mwingine akaniagiza niwashe seva upya. Nilipoiwasha, mstari uleule ukarudi, kwa sababu DHCP yenu, huduma inayoipa seva mipangilio ya mtandao, ndiyo inayouandika! Nimewaeleza hivyo mara tatu, na mara zote tatu mmefunga ombi langu kwa neno "imetatuliwa". Hilo limeniuma kuliko hitilafu yenyewe.

Naomba muiondoe anwani hiyo kwenye DHCP yenu, si kwenye seva yangu peke yake, mturudishie ada ya mwezi huu, na mtujulishe mapema mkibadili seva za DNS. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 7. Vipimo vyote nimeviambatisha.

Wenu,
Msimamizi wa mifumo, Tanga