Wazimamoto wa kukodi hawatatuokoa

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu ndugu zangu Waswahili wa hapa London ambao, kila wazimamoto wakitaja mgomo, husema: "Si waletwe watu wa kampuni wafanye hiyo kazi?" Neno hili nimelisikia msibani, nimelisikia kwa kinyozi, na wanaolisema wana nia njema. Wana watoto ghorofani, wanauogopa moto. Mimi pia nauogopa, na ndiyo maana nasimama na chama cha wazimamoto, FBU, kinapopinga kampuni binafsi kuziba pengo la mgomo.

Mgomo wao wa kwanza wa nchi nzima ulianza Novemba 1977. Serikali ikatoa wanajeshi na malori ya kijani yaliyoundwa miaka ya 1950, yale yaitwayo Green Goddess, na mwaka 2002 yakaingia tena barabarani. Yalikuwa makuukuu, lakini aliyeyatoa alikuwa waziri, na waziri huulizwa bungeni. Baada ya sheria za mwaka 2004 mzigo ukashushwa kwa mamlaka za zimamoto za kila eneo, kila moja ijue itafanya nini siku ya mgomo. London ikaamua kukodi watu. Mwaka 2009 iliingia mkataba na AssetCo, kampuni ambayo tayari ndiyo iliyokuwa ikimiliki magari ya zimamoto ya jiji hili. Mwaka uliofuata, ugomvi wa zamu ulipopamba moto, wazimamoto zaidi ya 5,000 wakaanza kutishiwa kuachishwa kazi ili waajiriwe upya kwa masharti mapya. Tazameni mambo hayo yalivyofuatana. Mwajiri alikuwa na watu wa akiba kabla hata hajakaa mezani. Mwenye watu wa akiba ana haraka gani ya kuelewana?

Mwaka 2012 tawi la London la kampuni hiyo liliuzwa kwa pauni 2. Sikukosea kuandika, Mhariri: pauni mbili. Magari ya kuja kuniokoa mimi na wanangu yalikuwa mikononi mwa kampuni ya bei hiyo.

Lakini linaloniuma zaidi ni la mwaka 2013. Mgomo wa pensheni ulipokaribia, magari 27 yaliondolewa vituoni mwezi Agosti ili yatumiwe na watu wa kukodi. Tuliambiwa ni tahadhari. Januari 2014 vituo 10 vikafungwa na magari 14 yakafutwa. Mengine 13 yakaendelea kushikiliwa "kwa ajili ya mgomo" mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka 2016 Meya Boris Johnson akaamua yasirudi kabisa. Kilichochukuliwa kwa ajili ya siku chache za mgomo tukakikosa siku zote.

Na hao watu wa kukodi wangeijua wapi nyumba yangu? Jirani yangu wa ghorofa ya sita aliwahi kusahau sufuria ya mafuta jikoni. Moshi ulipojaa ngazini, tukateremka na watoto mgongoni, kanga zimefunikwa puani. Wazimamoto walipofika, kiongozi wao hakumuuliza mtu chochote. Alikwenda moja kwa moja kwenye kijimlango chekundu nyuma ya ngazi, akakifungua, wakaunga mpira wao kwenye bomba lililopanda mpaka juu. Mimi nimepita hapo miaka tisa nikidhani ni stoo ya mifagio. Yeye alikijua kwa sababu kituo chake kiko mtaani kwetu na walikuwa wameshakuja kulikagua jengo. Ujuzi wa namna hiyo haununuliki kwa mkataba wa siku ya mgomo.

Najua nitaulizwa: basi tuungue? Hapana. Mwaka 2010 mgomo ulipangwa kuangukia tarehe 5 Novemba, usiku wa fataki, usiku mbaya kuliko yote kwa kazi hii. Chama kikaufuta. Na mwaka 2023, baada ya wanachama kupiga kura ya kugoma kwa asilimia 88, waajiri walirudi mezani, wakakubaliana nyongeza ya mshahara ya asilimia 7 na nyingine ya 5, bila kugomwa hata saa moja. Hiyo ndiyo kinga ninayoitaka mimi.

Tena hili si jambo geni kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeiweka zimamoto kwenye huduma muhimu ambazo mgomo wake hauruhusiwi, na hapo mtu anaweza kubishana nayo. Lakini mgomo ukiwa halali, sheria hiyohiyo inakataza kuleta wafanyakazi mbadala. Hapa Uingereza mawakala wa ajira nao wamekatazwa kupeleka vibarua mahali pa waliogoma. Serikali iliifuta kanuni hiyo mwaka 2022, vyama vikaenda mahakamani, na Agosti 2023 ikarudi. Ila mamlaka inapoikodi kampuni iendeshe huduma nzima, kanuni hiyo haiigusi. Huo ndio mlango ambao FBU wanataka ufungwe.

Ndugu zangu, mgombea wa Bunge la London akibisha hodi kuomba kura, msimwachie aondoke na karatasi zake tu. Muulizeni kituo cha karibu nanyi kina magari mangapi usiku, na siku ya mgomo magari ya watu wa kukodi yatatolewa kituo gani.

Msomaji wako,
London Kusini