Kasisi wa kijijini Uingereza hakuishi kwa sadaka

Mhariri,

Nimesoma mara mbili makala ya gazeti lenu kuhusu makanisa ya vijijini Uingereza enzi za Malkia Victoria, na mara zote mbili nimekwama pale pale, mwandishi anaposema kasisi "aliishi kwa sadaka za waumini wake". Neno hilo moja linaharibu hadithi nzima. Siwezi kulinyamazia, maana kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi katika hazina ya nyaraka ya kaunti moja huko huko Uingereza, na kazi yangu ilikuwa kuwatolea wasomaji ramani na madaftari ya parokia hizo hizo.

Sadaka mtu hutoa kwa hiari. Riziki ya kasisi yule ilikuwa haki ya kisheria iliyoshikamana na ardhi, wala haikujali imani ya anayelima. Mkweka, muumini wa dhehebu lisilo na makasisi, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani alidaiwa. Mmethodisti aliyekuwa na kanisa lake mwenyewe upande wa pili wa barabara alidaiwa pia, na asipolipa alikamatiwa mifugo au nafaka. Kinachokusanywa kanisani wakati wa Ushirika kilikuwa kwa ajili ya maskini na kazi za huruma. Kasisi hakukitegemea kwa chakula chake.

Haki hiyo ni fungu la kumi, na zamani lilikuwa mazao yenyewe. Wakati wa mavuno mtu wa kasisi alipita nyuma ya wavunaji akichomeka tawi bichi kwenye kila mganda wa kumi, na mganda wenye tawi haukuwa tena wa mkulima. Kondoo, sufu, maziwa, mayai, tufaha, vyote vilikuwa na hesabu yake. Ugomvi haukuisha. Mwaka 1836, mmoja tu kabla Victoria hajarithi kiti, Bunge likapitisha sheria ya kugeuza mazao hayo kuwa malipo ya fedha yanayofuata bei ya nafaka, na hapo ndipo hesabu ilipokuwa ya ajabu. Kila pauni 100 zilikatwa mafungu matatu sawa, la ngano, la shayiri na la oti. Kwa wastani wa bei za miaka saba iliyotangulia, fungu la ngano lilitosha kununua busheli karibu 95, la shayiri busheli 168, la oti busheli 242. Busheli moja ni kiasi cha lita 36. Idadi hizo zikafungwa hapo hapo. Kila Januari gazeti la serikali, London Gazette, lilitoa wastani mpya wa bei, na kasisi alipokea thamani ya busheli zile zile kwa bei hiyo mpya. Basi mtu wa Mungu alifungua gazeti mwanzoni mwa mwaka kuona atakula nini.

Ili kujua nani anadaiwa nini, mashamba yakapimwa na kuchorwa. Ramani hizo ndizo nilizokuwa nikizibeba kwa mikono miwili. Nyingine ukizikunjua zinajaza meza ya watu wanane na bado zinaning'inia. Nyumba za kuishi mara nyingi zimepakwa rangi nyekundu hafifu, mabanda na maghala kijivu, na kila kipande cha ardhi kina namba yake. Namba hiyo unaifuata kwenye daftari: mwenye ardhi, anayeikalia, jina la shamba, kinacholimwa, ukubwa, na mwisho kabisa kiasi cha kulipa. Nakala zilikuwa tatu: moja ya serikali, ambayo leo iko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Kew, London, moja ya askofu, na moja ya parokia. Ya parokia ndiyo iliyochakaa kuliko zote, imeliwa na unyevu wa sanduku la kanisani.

Siku moja alikuja mama mzee kumtafuta babu wa babu yake. Tulimpata kwenye mstari mmoja tu: nyumba na bustani, na peni chache za kumlipa vika, kasisi aliyehudumia parokia. Safu ya mdai mwingine, rekta, kwenye mstari huo ilikuwa tupu. Lakini shamba la ngano lililopakana na bustani ile lilikuwa na kiasi kikubwa kwenye safu ya rekta, na rekta huyo hakuwa mtu wala kasisi, kilikuwa chuo. Yule mama akaweka kidole hapo akaniuliza, "Kumbe ngano ilikwenda kwa nani?"

Swali lake ndilo ambalo makala yenu ingepaswa kulijibu. Rekta ndiye mwenye haki ya fungu kubwa: nafaka, nyasi kavu na mbao. Vika, ambaye jina lake kwa Kilatini maana yake ni mtu anayemkaimu mwingine, alibaki na fungu dogo, vitu kama kondoo, kuku na matunda. Katika zama za kati nyumba za watawa zilijitwalia urekta wa parokia nyingi na kuweka vika afanye kazi. Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba hizo kati ya 1536 na 1540, haki ile haikurudi kijijini. Iliangukia mikononi mwa wakuu wa ardhi, vyuo vya Oxford na Cambridge, na makanisa makuu. Kwa hiyo, miaka 300 baadaye, kijiji kinavuna ngano, sehemu yake inakwenda kwa bwana ambaye pengine hakuwahi kumbatiza mtoto yeyote, na anayebatiza watoto anahesabu peni za bustani.

Palikuwa pia na ardhi ya daraka lenyewe, yaani iliyoambatana na cheo cha kasisi, ambayo aliilima au kuikodisha. Kanuni za kanisa za 1604 ziliagiza iandikwe yote na orodha itunzwe kwa askofu. Nimesoma nyingi za orodha hizo, na zinasomeka kama mtu anayetembea shambani: ukingo huu ua wa miiba, ule mtaro, kaskazini kwa fulani. Kasisi aliishika maisha yake yote ya kazi, lakini kuiuza ilikuwa shida hadi sheria ya 1888 ilipolegeza.

Makala inasema "mali ya kanisa" kana kwamba kanisa lilikuwa na mfuko mmoja. Mfuko huo haukuwapo. Sehemu ya madhabahu ilikarabatiwa na rekta, hata kama ni bwana wa ardhi au chuo. Sehemu wanakokaa watu iliwahusu wanakijiji, kwa kodi ya kanisa ambayo ulazima wake uliondolewa mwaka 1868. Nyumba ya kasisi ilikuwa juu ya kasisi. Akihama, au akifa, mrithi wa daraka alidai gharama za kila kigae kilichovunjika na kila boriti iliyooza, na mjane alilipa kutoka katika urithi wa marehemu. Nimeshika barua za madai hayo, zimeandikwa kwa adabu kubwa, pole juu na hesabu chini, na sikuwahi kuzizoea. Mwanamke amezika mumewe, ametakiwa kuhama nyumba, na mkononi ana bili ya paa la banda la farasi.

Halafu bei ikaanguka. Ngano ya Amerika ilipoanza kumiminika kwa reli na meli za mvuke kuanzia miaka ya 1870, zile busheli 95 zilibaki 95 lakini thamani yake ikayeyuka. Pauni 100 za mwaka 1836 zilikuwa zimeshuka hadi kama 66 mwaka 1901, mwaka aliofariki Victoria. Wapangaji wa ardhi ya daraka nao wakaomba kupunguziwa au wakaondoka. Tena kasisi alitozwa kodi ya mtaa juu ya mapato hayo hayo, hadi sheria ya 1899 ilipompunguzia nusu. Mwaka 1891 mzigo wa kulipa ulihamishwa kutoka kwa mkulima mpangaji kwenda kwa mwenye ardhi, baada ya ghasia zilizokuwa kali zaidi Wales, na mwaka 1936 malipo ya fungu la kumi kwa makasisi yakafutwa.

Naomba mchapishe masahihisho. Si kwa ajili yangu. Vijana wanaosoma kurasa zenu watayabeba maneno haya hadi darasani, na watamwona mkulima yule kama mtu aliyekuwa akitoa kwa moyo, ilhali alikuwa akidaiwa. Pale palipoandikwa "sadaka" muandike "malipo ya fungu la kumi na mapato ya ardhi ya daraka". Na ile picha ya nyumba kubwa ya kasisi yenye madirisha mengi, chini yake ongezeni mstari mmoja kueleza nani alilipia matengenezo ya paa lile.

Mtunza nyaraka mstaafu