Maji yanayoishia ziwani

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna neno moja halijanitoka moyoni: kwamba mto unaoishia kwenye ziwa la chumvi ni maji yaliyomwagwa bure, maana hayanyweki wala hayana samaki. Hilo siwezi kulinyamazia. Ni kwa hoja hiyohiyo watu wamekausha maziwa mengi.

Ziwa la namna hii huingiza mto bila kutoa mto. Maji huondoka kwa njia moja tu, kupanda hewani kwa joto la jua, na chumvi yaliyokuja nayo hubaki. Kwa hiyo ukiuzuia mto, ziwa hupungua na papo hapo hukolea. Ukali ukipita kipimo, hata viumbe waliozoea chumvi hushindwa.

Na viumbe hao ni wengi, Zuhura! Palipo chumvi kali hivyo samaki hawaishi, basi uduvi wa chumvi, Artemia, hujaa bila wa kuwala majini. Mayai yake hukaa makavu miaka kadhaa yakingoja maji. Kule Ziwa Mono, California, kuna nzi wanaozama wakiwa wamefunikwa na kiputo cha hewa, wakala mwani chini, kisha wakaibuka wakavu. Vibisi, ndege wa majini, nao hufika Mono na Great Salt Lake, ziwa la chumvi la jimbo la Utah, Marekani, wakati wa vuli, kwa mamilioni, wakala uduvi na kunenepa mpaka hawawezi kuruka. Baadaye hupungua uzito, misuli ya kurukia ikarudi, wakaondoka usiku. Ukiwakaushia kituo hicho, sijui unawataka wale wapi.

Mono ndiyo inayoniuma na kunipa moyo kwa pamoja. Mwaka 1941 jiji la Los Angeles lilianza kuchepusha vijito vinavyoilisha. Kufikia 1982 maji yalikuwa yameshuka karibu mita 14 na chumvi imeongezeka maradufu. Humo mna kisiwa, Negit, ambako shakwa walitaga kwa maelfu wakiamini maji yanawalinda. Mwaka 1979 ardhi ikatokeza, kisiwa kikaungana na bara, koyote, jamii ya mbwa mwitu, wakavuka kwa miguu, na shakwa wakayaacha makazi yao. Maji yale ndiyo yalikuwa ukuta wao, na sisi binadamu ndio tuliouvunja.

Lakini mwaka mmoja kabla, David Gaines na wenzake walikuwa wameunda kamati ya kulitetea ziwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 1983 majaji wakasema serikali inashika maji ya namna hiyo kwa amana ya umma, hivyo haki ya kuyachepusha inaweza kuangaliwa upya. Amana! Neno hilo nalipenda kuliko hukumu yenyewe. Mwaka 1994 ikaamriwa ziwa lirudishwe hadi futi 6,392 juu ya usawa wa bahari. Miaka 30 baadaye lilikuwa bado halijafika.

Kwingine hali ni mbaya zaidi. Great Salt Lake ilishuka mwaka 2022 chini kuliko wakati wowote uliowahi kurekodiwa, na sakafu yake iliyo wazi hutoa vumbi lenye sumu ya aseniki. Ziwa Urmia, kule Iran, limepoteza sehemu kubwa ya eneo lake kwa sababu ya mabwawa, visima, umwagiliaji na ukame. Bahari ya Aral unaijua, lile ziwa la Asia ya Kati lililokauka sehemu kubwa baada ya mito yake kuchepushwa. Hata hivyo bwawa la Kok-Aral lilipokamilika mwaka 2005, upande wa kaskazini maji yalipanda, ukali ukapungua na samaki wakarudi.

Simlaumu mkulima, naye anahitaji maji. Ila nadhani ziwa nalo lihesabiwe miongoni mwa wenye haki tangu mwanzo wa mgao, badala ya kungoja makombo.

Humu ndani ya bahasha nimekuwekea mayai makavu ya Artemia, kama vumbi la kahawia. Koroga gramu 30 za chumvi kwenye lita moja ya maji, nyunyiza kidogo, uyaweke mahali penye joto na mwanga. Ukishapita usiku mmoja au miwili, tazama kwa makini. Kisha uniandikie ulichokiona.

Wako akupendaye,
Salome