Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wapiga picha wa ridhaa, Lamu

Waheshimiwa wanachama, asalaam aleikum.

Nawashukuru mliofika. Viti 40 vilipangwa kwa imani, na vilivyobaki vitupu mnaviona wenyewe.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Tulitoka alfajiri kupiga vilima vya mchanga vya Shela, tukaenda Matondoni kwa mafundi wa majahazi, tukavuka hadi magofu ya Takwa siku maji yalipojaa na mashua ikapita kwenye mikoko bila kukwama. Maulidi ya mfungo sita tulikuwapo kwenye zefe, yaani maandamano ya Maulidi, na Tamasha la Utamaduni tulilipiga usiku na mchana. Maonyesho yetu yalifanyika na picha zikauzika. Anayetaka zaidi, katibu anayo kumbukumbu.

Sasa lile suala la lenzi.

Kamati ilinunua lenzi ya milimita 70 hadi 200, yaani ya kuvuta vitu vya mbali, ya mtumba, kwa shilingi 78,000. Tangu hapo nimesemwa barazani, nimesemwa kwenye kundi letu, na mwenzetu mmoja nisiyemtaja aliandika kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake, kwa kuwa mimi ndiye mpiga picha za muziki. Napiga muziki, sikatai. Lakini nani asiyekumbuka picha zetu za tamasha zilivyokuwa zamani? Lenzi zinazokuja pamoja na kamera, ukizivuta hadi mwisho, nyingi huishia f/5.6, na namba hiyo ikiwa ndogo ndipo tundu la lenzi linapokuwa kubwa. Hii inabaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho, yaani inaingiza mwanga mara nne. Pale ulipolazimika kuiacha kamera ipokee mwanga kwa 1/60 ya sekunde, sasa unapiga kwa 1/250. Kwa 1/60, kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, kikichezwa usiku pale Mkunguni mbele ya Ngome, fimbo haionekani na mkono haujulikani ni wa nani. Flashi nayo si jibu: ukiwa nyuma ya umati haifiki jukwaani, inaishia kumulika vichwa vya walio mbele yako, na ukisogea karibu unamchoma msanii macho.

Picha ya mpiga zumari, ile ya mashavu yaliyofura na tone la jasho limening'inia kidevuni, ilipigwa kwa lenzi hiyohiyo kutoka safu ya nyuma kabisa. Ndiyo iliyouzwa kwa bei kubwa kuliko zote kwenye maonyesho, na fedha zikaingia chamani. Niliipiga mimi. Nalitaja hilo kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Wenzetu wa mandhari wanasema wamesahauliwa. Kwa heshima zote, kilima cha Shela kinakungoja. Unaweka kamera kwenye miguu mitatu, unafunga tundu la lenzi hadi f/11, unasubiri jua litokeze upande wa Manda, na lenzi yako ya kawaida inatosha kabisa. Mcheza kirumbizi hakungoji. Hata hivyo lenzi hii inawafaa na wao, kwani jahazi lililo mbali mkondoni linavutwa hadi unahesabu mabaharia. Hadi leo wa mandhari walioiazima ni wawili.

Kuhusu utaratibu: katiba yetu inataka ununuzi unaozidi shilingi 50,000 upitishwe na mkutano. Mkutano niliuitisha. Akidi ni watu 12. Walifika 8, na mmoja wao alipita kumtafuta ndugu yake. Katiba hiyohiyo inairuhusu kamati kuamua jambo la haraka mkutano ukikosa akidi, na mwenye lenzi alikuwa anaondoka Lamu Jumatatu. Wajumbe wote watano wa kamati walitia sahihi, akiwemo yule anayesema leo kwamba hakuelewa.

Na kwa nini inakaa nyumbani kwangu? Kwa sababu kabati la chama linavuja unyevu. Mnaijua hewa yetu ya chumvi. Lenzi mbili za zamani zimeota kuvu ndani ya kioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na kila picha inatoka na ukungu. Kwangu inakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, ambavyo nanunua kwa fedha zangu. Daftari la kuazima lipo. Bisha hodi, tia sahihi, chukua.

Hesabu ni hizi. Tulianza na 61,300, ada ikaleta 15,600, mauzo ya picha 27,500, jumla 104,400. Lenzi ilichukua 78,000, kuchapisha picha na fremu 19,850, zimebaki 6,550. Mweka hazina amezipitia na mimi nimezipitia.

Nimeulizwa sana mbona safari ya kisiwa cha Kiwayu ilifutwa. Mashua ilitakiwa shilingi 24,000. Wanachama walioandikishwa ni 34 na ada ni 1,200 kwa mwaka. Waliolipa ni 13. Waliobaki, 21, wanadaiwa jumla ya 25,200. Basi mashua ya Kiwayu haikuliwa na lenzi, imo mifukoni mwenu, na chenji juu. Linaloniuma zaidi ni kwamba wanaopiga kelele kuhusu Kiwayu wengi wao wamo katika hao 21. Majina sikuyabandika ukutani, ingawa nilishauriwa.

Mahudhurio nayo hayaridhishi. Matembezi ya alfajiri watu wanaahidi usiku, asubuhi simu zimezimwa. Lakini picha zikianikwa kwenye maonyesho, kila mtu anauliza yake iko wapi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumai kufika Kiwayu, kupata kabati lisilovuja, na pengine kuwaalika wapiga picha wa Malindi tupige tamasha pamoja. Mafunzo ya vijana pia yanafikiriwa. Kamati italitazama hilo wakati ukifika.

Maswali kuhusu lenzi nitayajibu baada ya chai. Mweka hazina amekaa karibu na mlango, na kitabu cha risiti anacho.