Kumkumbuka mwenzetu wa kambi

Wapendwa, habari za jioni. Kama mlivyosikia, mwenzetu ametutoka. Wengi mnamjua kama mtu wa kujitolea upande wa sayansi, ila sisi wa zamani tulimpokea akiwa mtoto wa kambi ya likizo, mbishi kweli, "kwa nini" haziishi mdomoni. Aliporudi mkubwa, maswali akawaachia watoto. Anatia siki kwenye maji ya kabichi ya zambarau, yanakuwa mekundu. Kwenye glasi nyingine anatia magadi soda, yanageuka buluu. Kisha ananyamaza kabisa mpaka mtoto akisie mwenyewe. Mimi nisingeweza!

Mwenye picha zake azitume hapa kabla ya Ijumaa, tuipelekee familia. Rambirambi zipitie kwa mweka hazina, tafadhali, si kwangu.