Premio au Noah: pima magoti, usipime bodi

Mwanjelwa, Mbeya
12 Juni

Ndugu yangu Baba Neema,

Salaam nyingi kutoka kwenye baridi. Barua yako nimeipata. Watu watano nyumbani, bibi akiwa na magoti mabovu, wageni wa Tukuyu wasioisha, na hela ya gari moja tu. Unachagua kati ya Toyota Premio, ambayo ni sedani, na Toyota Noah ya mistari mitatu ya siti, na umeandika unaelekea kwenye Noah kwa sababu ni pana. Nianzie hapo hapo, maana si pana.

Premio ina upana wa milimita 1,695. Noah ya kawaida ya 2001 hadi 2007 ni 1,695, na ya kawaida iliyofuata mpaka 2014 ni 1,695 vilevile, pamoja na pacha wake Voxy. Wajapani wana daraja la magari madogo ambalo upana hauruhusiwi kuvuka milimita 1,700, ndiyo maana viwanda vyao huishia pale pale mlangoni. Urefu nao haupishani sana, yote mawili yanacheza kwenye mita 4.6. Kwa hiyo watu wazima watatu wakikaa mstari mmoja, mabega yatagusana kwenye Premio na yatagusana kwenye Noah. Anayekuambia tofauti hajapima.

Tofauti iko juu. Premio ina kimo cha milimita 1,470 hivi, Noah 1,850. Hizo sentimita 38 hazikununulii nafasi ya kofia, zinakununulia mkao. Kwenye sedani unakaa chini, miguu inanyooka mbele na kula sakafu. Kwenye Noah unakaa wima, miguu inashuka, kila abiria anakula sakafu kidogo, na ndiyo maana mistari mitatu inaenea kwenye gari lenye urefu ule ule. Fikiria kigoda na kiti cha mezani. Bibi akikaa kwenye kigoda, kuinuka kwake ni kazi ya watu wawili. Kwenye kiti cha mezani anasimama mwenyewe.

Ila kuna sharti: kwenye Noah lazima apande kwanza. Mlango wa kuteleza una kikanyagio ndani yake, lakini mguu wa kwanza bado unainuka kuliko kwenye Premio. Magoti mengine yanakataa kupanda, mengine yanakataa kuinuka kutoka chini, na hilo hulijui mpaka umlete mwenyewe. Mwambie apande na kushuka mara tatu kwenye kila gari, akiwa amevaa khanga na viatu vyake vya safari, kisha umuulize.

Sasa kupima. Weka siti ya dereva pale unapoendeshea wewe, kisha shuka ukakae nyuma yake. Ngumi ikipita kati ya goti lako na mgongo wa siti ya mbele, panatosha. Halafu tazama paja: lilale juu ya siti mpaka karibu na goti, nyuma ya goti pabaki vidole vitatu. Goti likiwa juu kuliko nyonga, uzito wote unashukia makalioni, na kabla hujafika Makambako yameshakufa ganzi. Premio nyingi hujitetea kwa mgongo wa nyuma unaolala kidogo, na kwa watu wawili siti ile ni tamu kuliko ya kati ya Noah, sitakuficha. Wa tatu, anayekaa katikati, ndiye anayeumia. Ukishawishiwa na Mark X au Crown ataumia zaidi, kwa sababu magari hayo yanasukuma kwa tairi za nyuma na sakafu ina nundu kubwa ya kupitisha propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma.

Kwenye Noah jihadhari na ujanja mmoja. Siti ya kati inateleza kwenye reli. Muuzaji ataisukuma nyuma kabisa, atakukalisha, utaona ukumbi. Siti ya tatu hapo haina hata pa kuweka goti. Wewe anza na siti ya kati yenye nafasi ya ngumi moja, usiguse tena, kisha pita ukakae ya tatu kwa dakika 20, gari likitembea. Utagundua sponji ni nyembamba, kwa kuwa siti hiyo imetengenezwa ili ikunjwe na kuning'inizwa ubavuni. Utagundua pia kwamba umekaa juu ya ekseli ya nyuma, na kila tuta la barabarani linakurusha kama uko kwenye ncha ya bembea ya ubao. Mtoto anayetapika usimweke huko. Kona za kwenda Tukuyu na za mlima Kitonga zinayumbisha mkia wa gari kuliko kichwa, na huko nyuma haoni barabara mbele. Mkalishe mstari wa kati, aone kioo cha mbele.

Na mizigo. Noah ikijaa watu wanane, nyuma ya siti ya tatu panabaki pa kusimamisha mabegi machache, basi. Gunia la viazi halipo kwenye hesabu. Lakini siti ya tatu imegawanyika: kunja upande mmoja, weka gunia au mikungu ya ndizi, ukifunga kwa kamba kwenye vyuma vya sakafuni, na upande wa pili mgeni mmoja anakaa. Premio buti lake limejitenga na watu, kwa hiyo harufu ya samaki wa Kyela inabaki nyuma. Hilo nalo ni starehe, usilidharau.

Uzito. Watu wanane wa kilo 65 ni kilo 520, juu ya gari la kilo 1,500 na ushee. Unavuka tani mbili. Kushuka Kitonga na mzigo huo, ingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, usisubiri breki zinuke. Mkia ukilala sana, tazama shokapu na spring za nyuma. Mafundi wengi watakushauri kuziinua kwa vipande vya raba. Ukikubali, gari likiwa tupu litakuwa gumu kama mkokoteni. Na pale Makambako upepo wa ubavuni unaisukuma Noah kwa sababu ya kile kimo chake. Premio inapita bila habari.

Vya kukagua kwenye Noah: fungua milango ya kuteleza ukiwa umeegesha kwenye mwinuko, usikilize vigurudumu. Reli ya chini hujaa tope na mchanga, na ile milango ya umeme hukatika waya. Sukuma siti ya kati mbele na nyuma yote, kwani reli hukwama kwa karanga na sarafu. Ile ya zamani, ya kabla ya 2001, iache: injini iko chini ya siti za mbele na joto linapanda (wa Njombe wataisifu kwa hilo), na mlango wa kuteleza uko upande mmoja tu.

Kwa yote mawili, inua kava za siti utafute vifungio vya mikanda. Watu huvisha kava za plastiki zikafukia vifungio vya nyuma, na asubuhi ya Juni plastiki hiyo ni barafu. Siti yenye mfuko wa hewa ubavuni usiivishe kava nzima, mfuko utashindwa kutoka. Sponji iliyolala fundi wa viti anaweza kuibadilisha, ila mwambie asijaze godoro gumu likamwinua dereva mpaka kichwa kikaribie paa.

Kuhusu Wish uliyoiulizia: mistari mitatu ndiyo, ila wa tatu ni wa watoto.

Kwa nyumba yako mimi ningechukua Noah ya 2007 kuendelea, siti ya tatu ikae imekunjwa siku nyingi. Lakini bibi akigoma kupanda, chukua Premio, na wageni wa Tukuyu wapande Coaster. Njoo Jumamosi, uje naye, na futi kamba. Na majani ya chai ya Mufindi, yale ya safari iliyopita yameisha.

Wako,
Baba Atu