Mama wa kwenye picha ana jina

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumapili iliyopita, mwandishi wa safu ya sanaa aliisifu picha maarufu ya "Mama Mhamiaji" ya mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange, akaiita picha bora ya sura ya mtu katika karne nzima ya 20. Chini yake mkaandika: "Mama maskini na wanawe, Marekani, 1936." Mimi ni mpiga picha wa studio hapa Morogoro na picha hiyo naipenda kweli. Kwa sababu hiyo hiyo maelezo yenu yameniuma, na naona mwandishi wenu amesifu nusu ya kazi akaruka nusu nyingine.

Kuhusu ufundi tunakubaliana. Tazameni watoto wawili waliosimama kulia na kushoto kwa mama. Wameipa kamera visogo, nyuso wamezificha mabegani mwake. Wengi wetu tungewageuza watoto watazame mbele, maana mteja analipia sura zote zionekane. Lange alijua kwamba nyuso tatu zingegombania jicho la mtazamaji, kwa hiyo akauacha uso mmoja tu. Mkono wa mama umepanda hadi shavuni na kulipeleka jicho moja kwa moja kwenye makunyanzi ya paji la uso. Mwanga ni laini, hauna vivuli vikali. Nyuma hakuna kitu cha kutuvuta zaidi ya turubai. Kichanga kilicholala mapajani hakionekani mara moja. Wapo watu walioitazama picha hii miaka mingi bila kukiona. Mama mwenyewe hatutazami. Anatazama mbali, na hakuna anayeweza kusema anatazama nini.

Hiyo haikuwa bahati. Kabla ya kuingia mashambani kupiga picha za vibarua, Lange alikuwa na studio San Francisco akipiga picha za familia zenye uwezo, na kazi ya kumweka mtu mbele ya kamera aliijua vizuri. Siku ile ya Machi 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, alipiga picha kadhaa za familia ile, na zilizobaki zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukizipanga unamwona akisogea hatua kwa hatua. Ya mbali inaonyesha hema zima, sanduku la nguo, na binti mkubwa ameketi kwenye kiti cha kubembea. Kadiri anavyokaribia, vitu vinatoka kimoja kimoja, na binti yule naye anatoka. Mwisho anabaki mama na wadogo zaidi.

Hapo ndipo naanza kutofautiana na mwandishi wenu. Amesema picha hii "haikuongeza wala kupunguza kitu". Imepunguza mengi. Mwanamume aliyeishi naye hayupo, na wavulana hawapo, kwa sababu walikuwa wamekwenda mjini kushughulikia gari lililowaharibikia njiani. Familia haikuwa imekuja kukaa pale, ilikuwa inapita tu kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mbele. Anayeitazama picha bila kujua hayo humwona mwanamke aliyeachwa peke yake, asiye na mtu wala mpango. Tena baadaye Lange aliagiza kidole gumba kilichokuwa kimeshika mti wa hema kwenye kona ya chini kifutwe kwenye negatifu, yaani filamu ya kuchapia picha, kwa kuwa kilimkera. Ukichunguza nakala nyingi utakiona bado, kama kivuli. Simlaumu sana kwa kidole. Nimekitaja kwa sababu kinaonyesha jinsi alivyokagua kila pembe ya picha yake, mpaka kidole kikamnyima raha.

Lakini jina la mama hakuliuliza. Lange mwenyewe alieleza mwaka 1960 kwamba hakumuuliza jina wala habari za maisha yake, ila mama alimwambia umri wake: miaka 32. Akaongeza kuwa familia ilikuwa imetoka kuuza matairi ya gari ili inunue chakula. Watoto walipokuja kuhojiwa wakiwa watu wazima walikana hilo kabisa, kwamba matairi waliyokuwa nayo ni yale yale ya gari waliloondoka nalo. Huenda Lange aliichanganya habari hii na ya familia nyingine, maana alikuwa amezunguka kambi nyingi kwa wiki kadhaa. Angekuwa na jina, angekuwa na mahali pa kulirudisha jambo hilo na kulihakiki.

Jina lake ni Florence Owens Thompson. Alizaliwa mwaka 1903 katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma, na wazazi wake walikuwa na asili ya Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Dunia ilimtumia kama sura ya wakulima weupe waliokimbia ukame na vumbi la miaka ya 1930, ilhali yeye alifika California katika miaka ya 1920, kabla ya vumbi hilo. Mume wake wa kwanza alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1931, naye akawalea watoto kwa kuchuma pamba na mboga na kufanya kazi yoyote iliyopatikana. Habari hizi hazipunguzi uzito wa uso ule. Kwangu mimi zinauongeza.

Tena mama huyu aliwahi kuandika barua kama hii ninayoandika. Mwaka 1958 aliiona picha yake katika jarida la U.S. Camera, akawaandikia kuwa hakuombwa ruhusa na kutaka nakala zisizouzwa ziondolewe sokoni. Mwaka 1978 gazeti la mji alikoishi, Modesto, likamtambulisha hadharani. Alisema alitamani picha ile isingepigwa, na kwamba hakuwahi kuambulia hata senti. Binti yake Katherine, mmoja wa wale walioipa kamera visogo, alisema akiwa mtu mzima kwamba waliionea aibu, wasitake watu wajue kuwa ni wao.

Haki inanidai niseme na upande wa Lange. Picha ilikuwa mali ya serikali iliyomwajiri, hivyo naye hakuvuna mrabaha kutokana nayo. Gazeti la San Francisco lilipochapisha habari ya kambi ile, serikali ilipeleka takriban kilo 9,000 za chakula, na wapo walioshiba kwa sababu yake. Familia ya Florence ilikuwa imekwisha ondoka. Mwaka 1983, alipougua sana na watoto wake wakaomba msaada kwa umma, watu walichanga zaidi ya dola 35,000 na kumwandikia barua kwa maelfu, wengi wakisema uso wake uliwapa nguvu. Kwa hiyo siwezi kusema picha ile ilikuwa dhuluma tupu. Ila michango hiyo ilikuja baada ya watu kujua yeye ni nani.

Mhariri, haya hayaishii Marekani. Katika toleo hilo hilo, ukurasa wa tatu, mlichapisha picha nzuri sana ya mwanamke amembeba mtoto mgongoni, maji yamemfika magotini. Maelezo yanasema: "Mwathirika wa mafuriko." Ukurasa wa tano yupo mheshimiwa akikata utepe, na pale jina lipo, cheo kipo, hata jina la aliyemshikia mkasi lipo. Mpiga picha wenu alisimama karibu na mama yule kiasi cha kuonyesha matone kwenye kope zake. Kutoka hapo, kusema "Shikamoo mama, unaitwa nani, na picha hii naweza kuitoa gazetini?" ni kazi ya dakika moja.

Ninaomba mambo mawili. Mkiichapisha tena picha ya Lange, maelezo yasomeke: "Florence Owens Thompson na wanawe, Nipomo, California, Machi 1936. Picha: Dorothea Lange." Na kwa picha za watu wetu, waagizeni wapiga picha wenu walete jina la aliyepigwa kila wanapoleta picha ya uso wake, wala msiipokee bila hilo. Wapo ambao jina linaweza kuwaletea madhara: mtoto aliyedhulumiwa, mkimbizi anayetafutwa, mgonjwa asiyetaka jirani wajue. Hao waulizwe vilevile, na wakikataa, gazeti liandike kuwa jina limehifadhiwa kwa ombi lao.

Msomaji wenu,
Mpiga picha, Morogoro